Vipindi vya Watoto Vilivyochelewa Kufika Karagwe

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze habari ya vipindi vya watoto. Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya kitoto, afadhali tungezungumzia bei ya kahawa. Ya kahawa tumeyasema sana.

Huko Marekani kipindi cha Sesame Street kilianza Novemba 10, 1969. Bibi mmoja mtayarishaji, Joan Ganz Cooney, na mwenzake Lloyd Morrisett, waliona watoto wanakariri matangazo ya biashara ya televisheni, wakajiuliza mbona wasikariri alfabeti kwa njia hiyo hiyo. Vikaragosi vya Jim Henson vikafanya kazi hiyo. Shabaha ilikuwa mtoto wa maskini asiingie darasa la kwanza akiwa ameachwa nyuma na mtoto wa tajiri.

Wakati huo Tanzania Bara hatukuwa na televisheni kabisa. Kenya walianza 1962, Uganda 1963, na Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi. Mwalimu Nyerere aliiona kuwa ni anasa ya wachache, nasi tukangoja hadi 1994. Wapo wanaomlaumu mpaka leo. Mimi simlaumu sana, maana hata ingekuwepo, Karagwe nani angeitazama, na kwa umeme upi?

Sisi tulikuwa na Mama na Mwana ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Nilikulia upande wa Nkwenda, na sauti ya Debora Mwenda tuliijua kama ya shangazi, ingawa mawimbi ya Kampala na Kigali yaliingia katikati ya hadithi bila hodi. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya mawe. Nyumbani tulisema Kinyambo. Kiswahili cha hadithi, chenye methali na mafumbo, tulikipata redioni kabla hatujakipata kwa mwalimu. Kazi hiyo ya mama yule haijapewa heshima inayostahili.

Baadaye ukaja mpango wa Kilimani Sesame, ndugu wa kile cha Marekani, kwa televisheni, redio na vitabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa watoto waliokifuatilia zaidi walipiga hatua zaidi katika herufi, hesabu na kujua habari za malaria.

Kisha, Januari 2014, TBC1 ikaanza kuonyesha Ubongo Kids, katuni iliyotengenezwa Dar es Salaam, yenye kina Kibena na Koba wakifundisha hesabu kwa nyimbo. Nilifurahi. Lakini mitambo ya zamani ilikuwa imeanza kuzimwa tangu mwisho wa 2012, na bila king'amuzi huoni kitu. Mwaka huo huo wa 2012 Kyerwa ilikuwa imekatwa kutoka Karagwe ikawa wilaya. Umeme wa mkoa wetu wa Kagera kwa miaka mingi umetoka Uganda, na vijiji vingi uliwapita juu kwa juu. Mtoto wa kijijini alibaki na banda la video, na mwenye banda anatafuta hela: Jumamosi ni mpira wa Uingereza. Nani atalipa kiingilio kutazama sehemu na desimali?

Ng'ambo ya Mto Kagera, Rwanda, katuni ya wadogo iitwayo Akili and Me imetafsiriwa kwa Kinyarwanda. Huku kwetu hakuna ya Kinyambo. Sidai iwepo, kwa kuwa shule ni ya Kiswahili. Ila mtoto wa miaka mitatu wa Murongo hajafika shule.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, waliotengeneza katuni hizo walivigawia vituo vya utangazaji vipindi vyao bure, vya redio vikiwemo. Hapo ndipo naona njia. Redio ipo hata kwenye nyumba isiyo na taa, siku hizi ndani ya simu ya tochi. Karagwe ina redio yake ya jamii, FADECO, pale Kayanga. Ombi langu kwa redio zote za mkoa huu ni moja: vipindi vya watoto viwekwe saa kumi na mbili jioni, wakisharudi kuchota maji, si saa nne asubuhi wakiwa darasani.