Kutoka Uganda hadi London: Historia ya Dawa ya Baridi Yabisi

 Katika Hospitali ya Guy's, manispaa ya Southwark, kusini mwa London, ndipo aliposomea udaktari Ravinder Maini, mtoto wa meya wa kwanza wa Kampala, Amar Maini. Alikulia Uganda, akahamia Uingereza mwaka 1955, na baadaye akawa mmoja wa waliobadili tiba ya baridi yabisi, maradhi ambayo kinga ya mwili hugeuka na kuvishambulia viungo.

Ili kupima dawa za kutuliza kinga hiyo, watafiti walihitaji mnyama anayeumwa ugonjwa unaofanana. Mwaka 1977 Wamarekani waliwadunga panya kolajeni, protini ya gegedu, nao wakavimba viungo.

Katika Taasisi ya Kennedy, magharibi mwa London, Maini na mwenzake Marc Feldmann waliishuku TNF, protini inayochochea uvimbe. Mwaka 1989 timu yao ilionyesha kwamba TNF ikizuiwa katika seli za viungo vya wagonjwa, vichocheo vingine hupungua. Lakini seli za maabara si mwili mzima. Mtafiti mwenzao, Richard Williams, akajaribu kuizuia TNF kwa panya waliodungwa kolajeni. Matokeo yalichapishwa mwaka 1992: uvimbe ulipungua hata dawa ilipoanza baada ya ugonjwa kuingia. Hilo lilikuwa na uzito mkubwa, kwa kuwa hakuna mgonjwa anayekwenda hospitali kabla ya kuumwa.

Mwaka huohuo wagonjwa 20 walianza kutibiwa kwa dawa ya kuzuia TNF katika Hospitali ya Charing Cross, London. Mwaka 1994 jaribio la wagonjwa 73, baadhi wakipewa dawa tupu ya kulinganishia, lilithibitisha kwamba tiba inafanya kazi.

Hata hivyo, panya hawasemi yote. Kingamwili dhidi ya seli za kinga ziitwazo CD4 ziliwasaidia panya, lakini zikawavunja moyo wagonjwa. Na mwaka 2001 iliripotiwa kwamba watu 70 waliotumia dawa ya kuzuia TNF, infliximab, walipata kifua kikuu (TB), kwani TNF husaidia kuvizuia vijidudu vya TB vilivyolala mwilini.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, viungo vikivimba na kukaza asubuhi kwa wiki kadhaa, wahi hospitali. Ukiandikiwa dawa hizi, mweleze daktari ulikoishi na kama uliwahi kukaa na mgonjwa wa TB, na usikubali kuzianza kabla ya kupimwa TB.