Dawa za Bibi wa Ayalandi na Mwani Wetu



Leo tuvuke bahari mpaka Ayalandi, kisiwa cha Ulaya chenye mvua na baridi. Zamani, vijijini huko daktari alikuwa mbali na pesa za kumlipa hazikuwepo. Maradhi madogo yalitibiwa nyumbani, na mara nyingi mwenye kuijua dawa alikuwa bibi.

Mtoto akiguswa na majani yanayowasha kama upupu, alisuguliwa jani pana liitwalo dock. Aliyejikata aliwekewa utando wa buibui kuzuia damu (usijaribu, una uchafu!). Kifua kikibana, kilichuliwa kwa mafuta ya bata bukini. Kikohozi kilikuwa na mwani mwekundu uitwao carrageen: uliokotwa mawe ya pwani, ukaanikwa, ukachemshwa na maziwa, ukachujwa na kunywewa.

Nyingine zilikuwa imani tu. Mwenye kifaduro alipitishwa chini ya tumbo la punda, au alipewa mkate na mwanamke ambaye jina lake la ukoo lilikuwa moja na la mumewe hata kabla hawajaoana. Kifaduro kiliua watoto wengi, na leo kina chanjo. Shifaa inatoka kwa Allah na dawa ni sababu. Punda si sababu.

Haya yote tunayajua kwa ajili ya watoto. Kati ya 1937 na 1939, wanafunzi wa shule za msingi zipatazo 5,000 waliombwa wawaulize wazee wao habari za zamani, zikiwemo dawa, kisha waandike. Madaftari yao bado yamehifadhiwa Dublin.

Na sisi tumo kwenye hadithi hii. Ule ute unaotolewa kwenye mwani na kutiwa kwenye dawa ya meno na aiskrimu umepewa jina kutokana na carrageen ya Ayalandi. Mwani wanaolima mama zetu Paje na Jambiani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hununuliwa kwa ajili ya ute huohuo.

Basi bibi harusi, ukiwa ndani na somo wako, unasingwa na kufundwa, muulize na dawa za nyumbani. Andika jina la mti, sehemu inayotumika, na inavyopikwa. Kisha tenganisha dawa na ushirikina, na homa ya mtoto ipeleke hospitali. Bibi akiondoka bila daftari, ameondoka na duka lake zima.