Mashine ya Holter: Siku Nzima na Kipimo cha Moyo Kifuani

Mtu huenda hospitali akilalamika kwamba moyo humwenda mbio ghafla, au hushikwa na kisunzi akakaribia kuanguka. Hulazwa kitandani, hubandikwa vibandiko, hupimwa ECG, na karatasi ikatoka safi. Anarudi nyumbani na lalamiko lake lilelile. Daktari hakukosea, wala mashine haikudanganya. ECG ya kawaida hunasa takriban sekunde 10 tu, ilhali moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hupiga zaidi ya mara 100,000 kwa siku. Hitilafu inayokuja na kuondoka haina miadi na hospitali.

Ndiyo sababu mgonjwa kama huyo huvalishwa mashine ya Holter, inayorekodi umeme wa moyo kwa saa 24 au 48 mfululizo. Jina limetokana na Norman Holter, mwanasayansi wa Montana, Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alijitwika mgongoni mzigo wa vyombo wenye uzito wa kilo 38 hivi, akaendesha baiskeli huku mapigo ya moyo wake yakipokewa kwa redio. Mwaka 1961 alieleza mbinu yake katika jarida la Science. Leo mzigo ule umekuwa kifaa kidogo cha kuning'inizwa shingoni au kufungwa kiunoni, na chini ya buibui au kanzu hakuna atakayekiona.

Kufungwa hakuumi. Kifua husafishwa, nywele hunyolewa panapohitajika, na vibandiko vyenye nyaya hubandikwa. Mashine haipeleki umeme mwilini, inasikiliza tu. Siku hiyo usijipake mafuta ya nazi wala losheni kifuani, kwani kibandiko hakitashika, na kwa joto letu la Pwani jasho peke yake ni adui wa kutosha. Kikibanduka, kirudishe palepale au wasiliana na waliokufunga. Oga kabla ya kwenda, maana mashine nyingi hazitaki maji, na bahari ndiyo usiikaribie kabisa. Udhu hauna shida, maji yake hayafiki kifuani. Ama josho, hilo ni la kumuuliza shekhe kabla ya kufungwa mashine, si katikati ya usiku. Walinzi wa milangoni wenye vifaa vya kupima chuma waambie mapema ulichovaa.

Kosa kubwa la wengi ni kujitunza kama yai. Mtu akishafungwa hulala kitandani kutwa, asipande ngazi wala kushika kazi, akirudisha mashine amerekodi siku ambayo si yake. Ikiwa kisunzi humjia mama akikuna nazi, au baba akipanda ule mwinuko wa kutoka kivuko cha Likoni, basi nazi ikunwe na mwinuko upandwe, ila daktari akikataza. Dawa nazo zimezwe kama kawaida, isipokuwa kwa agizo lake.

Pamoja na mashine hutolewa karatasi ya kuandika ulichofanya, ulichohisi na saa yenyewe. Hapa ndipo sisi Waswahili tunapojiponza. Mashine huhesabu siku kuanzia saa sita za usiku, na saa yake ni ya kizungu. Ukiandika "saa tatu moyo ulidunda", anayesoma rekodi ataenda kwenye 3:00, akakukuta umelala fofofo na moyo umetulia, kumbe wewe ulikusudia 9:00 asubuhi. Saa sita zimepotea. Na ukiandika "usiku wa Ijumaa" kwa hesabu ya wazee wetu, ukimaanisha usiku wa kuamkia Ijumaa, msomaji atautafuta usiku wa siku inayofuata. Dawa yake ni nyepesi: nakili namba kama zinavyoonekana kwenye simu yako, pamoja na tarehe, na uandike asubuhi au jioni. Hakikisha pia simu na mashine zinakwenda sawa kabla hujaondoka. Mashine yenye kitufe, kibonyeze dalili inapokuja, lakini karatasi bado uijaze.

Rekodi inaweza kuonyesha moyo unaosita, au mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo, ambao huweza kuganda damu na kuleta kiharusi. Inaweza pia kuonyesha mapigo ya ziada, ambayo hata wazima huwa nayo. Na ukihisi kisunzi saa ambayo moyo ulipiga sawasawa, hilo nalo ni jibu: chanzo kitafutwe pengine.

Mashine nyingi za aina hii huhifadhi tu, hazimwiti daktari. Ukipata maumivu makali ya kifua au ukizirai, nenda hospitali mara moja nayo ikiwa mwilini. Ikiwa saa zote zimepita na dalili haikuja, mwambie daktari hivyo. Vipo vibandiko vya kuvaliwa hadi siku 14.