Santuri ya Mwisho ya Bendi ya Egg

Wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi wadogo zetu mliopo madarasani, nawaleteeni historia ya bendi ambayo yamkini wengi wenu hamjapata kuisikia. Nimeichagua kwa kuwa ilianzia shuleni.

Mwaka 1968 vijana watatu wa City of London School, Uingereza, yaani Steve Hillage, Dave Stewart na Mont Campbell, waliunda bendi iliyoitwa Uriel. Mpiga ngoma, Clive Brooks, walimpata kwa tangazo la gazetini. Mwaka huohuo Hillage alikwenda chuo kikuu. Waliobaki hawakutafuta mpiga gitaa mwingine. Waliendelea na kinanda, besi na ngoma, wakajiita Egg. Roki yao, ya aina iitwayo progresivu, ilikuwa na mapigo magumu yenye kubadilika-badilika, na tungo ndefu zilizokaribia muziki wa kale wa Ulaya. Walitoa santuri mbili, mwaka 1970 na 1971. Mwaka 1972 wakaachana.

Hata hivyo, zilibaki tungo walizokuwa wakizipiga jukwaani bila kuzirekodi. Stewart alikuwa sasa katika Hatfield and the North, na Brooks alikwisha kujiunga na The Groundhogs. Lakini mwaka 1974 walikutana tena studioni, si kuifufua bendi, bali kulipa deni lile. Ndipo ikatoka The Civil Surface. Hillage naye alirudi akapiga gitaa katika wimbo mmoja. Kusema kweli, santuri hiyo ina viraka: vipande viwili ni vya vyombo vinne vya kupuliza tu, bila ngoma wala kinanda. Lakini bila ya viraka hivyo tungo zile zingalipotea. Brooks alifariki mwaka 2017. Mapigo yake tunayo.

Sisi je? Bendi yetu ya shule ilikuwa na watu watano, nami nikipiga besi. Tulitunga nyimbo nane, hatukurekodi hata mmoja. Kila mwaka tulisema, "Tukipata nafasi." Mwaka juzi tulimzika mpiga solo wetu, na vidole vile hakuna wa kuviiga.

Basi siku ya mkutano wetu nitakuja na besi na kinasa sauti. Wenzangu watatu mliosalia, mnajijua. Nanyi vijana, rekodini mapema, hata kama hamjaiva.