Rangi ya Dhahabu Juu ya Zinki: Kabureta Kuukuu na Maana ya Neno "Asili"

Kwetu Katanga, historia ya madini husimuliwa mpaka stesheni ya reli, kisha inakatika. Tunasoma mgodi ulifunguliwa lini, tani ngapi zilitoka na zilipitia bandari gani. Mgodi wa Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi, ulianza kuchimbwa miaka ya 1920 na ukajulikana kwa shaba na zinki. Lakini zinki hutumiwa kufanya nini? Ni wachache kati yetu wanaouliza. Katika insha hii nafuata matumizi yake mamoja katika viwanda vya Marekani: kabureta ya gari. Hoja yangu ni kwamba rangi ya dhahabu iliyo juu ya kabureta za zamani ni hati ya kihistoria, na kwamba fundi anayeirejesha rangi hiyo anaandika hati mpya juu ya ile ya kale.

Kabureta huchanganya petroli na hewa kabla ya mchanganyiko kuingia katika injini. Mwanzoni mwa karne ya 20, nyingi zilisubiwa kwa aloi za shaba au kwa chuma. Zinki ilileta faida kubwa: huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi za Selsiasi, kwa hiyo huweza kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, mara maelfu, na kutoa umbo lenye vijia vyembamba bila kazi nyingi ya mikono. Hata hivyo, aloi za mwanzo zilikuwa na ugonjwa. Risasi kidogo tu ikibaki ndani ya zinki, kifaa huvimba, hupasuka na mwisho huvunjika kama biskuti. Mwaka 1929 kampuni ya New Jersey Zinc ilitoa aloi zilizoitwa Zamak, zilizotegemea zinki safi sana. Jina hilo limetokana na herufi za kwanza za maneno ya Kijerumani ya zinki, alumini, magnesi na shaba.

Ugonjwa wa pili ulikuwa unyevu. Zinki ikikaa na maji huota unga mweupe, na unga huo huziba vijia vya kabureta. Mwaka 1936 kampuni hiyohiyo ilipata hataza ya njia iliyoitwa Cronak: kifaa kinachovywa kwa sekunde chache katika maji yenye sodiamu dikromati na asidi ya salfuriki kidogo. Hapo uso wa zinki hujitengenezea utando usiofikia unene wa elfu moja ya milimita, wenye rangi ya dhahabu inayochezacheza kijani na waridi. Kwa hiyo rangi hiyo haikuwa pambo. Ilikuwa dawa ya kutu, na urembo ulikuja baadaye machoni pa wapenzi wa magari. Kabureta ya Holley 4150, iliyotokea mwaka 1957 katika magari ya Ford, ni mfano unaojulikana sana wa umbo la zinki lenye utando wa namna hii.

Sasa tutazame kazi ya kurejesha. Petroli, joto na miaka hufifiza utando mpaka kifaa kikawa kijivu. Fundi hukifungua, hukiosha mafuta, huondoa kutu nyeupe, hukichovya katika asidi hafifu ili kupata zinki tupu, kisha hukitia katika beseni la dikromati, hukisuuza na kukikausha bila joto kali, kwa kuwa joto hupasua utando mpya. Hatari kubwa kwa mwanahistoria iko katika hatua ya kusafisha. Juu ya Holley hugongwa neno LIST na namba ya muundo, na chini yake tarakimu za mwaka, mwezi na wiki ya kutengenezwa. Fundi akipulizia mchanga kwa pupa, maandishi hayo hufutika. Kifaa kitang'aa, lakini kitakuwa kimepoteza cheti chake cha kuzaliwa.

Kuna gharama nyingine, na hii ni ya binadamu. Utando wa Cronak hujiponya: ukikwaruzwa, chumvi ya kromiamu iliyomo hutembea na unyevu na kuziba jeraha. Lakini chumvi hiyohiyo inayotembea ndiyo sumu. Tangu karne ya 19 madaktari waliandika kuhusu vidonda vya ngozi na matundu katika ukuta wa pua za wafanyakazi wa viwanda vya kromati. Baadaye ilithibitika kwamba kuivuta husababisha saratani ya mapafu. Mwaka 2000 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo kuhusu magari yaliyochakaa, na likaanza kuiondoa kromiamu ya aina hiyo katika magari mapya. Mbadala wake una madhara madogo zaidi, ila hutoa weupe au ubuluu. Ili kupata dhahabu, viwanda huongeza rangi ya kutia. Yaani sura inarudi, kemia hairudi.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba kurejesha ni kuheshimu, kwa kuwa mtengenezaji alikusudia kifaa kiwe cha dhahabu. Naikubali hoja hiyo kwa gari linaloendeshwa, maana zinki tupu italiwa na kutu. Siikubali kwa kifaa kinachohifadhiwa kama ushahidi. Shirika la kimataifa la magari ya kale, FIVA, katika Hati yake ya Turin, linatanguliza kuhifadhi kuliko kurejesha, na nadhani ni sahihi. Kwa maoni yangu, fundi apige picha na kunakili namba kabla ya kuosha, abakize kipande kimoja bila kukigusa, na aandike ni dawa gani ametumia na mwaka gani. Akifanya hivyo, atakayekuja baada yetu ataweza kutofautisha kazi ya mwaka 1957 na kazi ya leo.

Kwa kumalizia, nimeonyesha kwamba utando mwembamba kuliko karatasi unabeba historia ya madini, ya kemia na ya afya ya wafanyakazi. Tunaoishi karibu na migodi tuna sababu ya kuisoma historia hiyo mpaka mwisho wake, na tusiishie tena kwenye stesheni ya reli.