Walokole, mizani ya Babu na bahasha yangu

Juzi niko kwenye daladala natoka Mwenge, konda akamwona dada mmoja mwenye sketi ndefu na Biblia mkononi, akamwambia, "Mlokole, sogea nyuma kidogo." Abiria wakacheka. Dada naye akacheka, akasogea. Mimi nikabaki najiuliza: hili neno tunalolirusha kila siku limetoka wapi?

Wengi wetu tunadhani mlokole ni mtu wa makanisa ya spika kubwa na mikesha ya Ijumaa. Sivyo, ndugu zangu. Neno hili ni la Kiganda, abalokole, yaani waliookoka. Lilianza kutumika ndani ya Kanisa la Anglikana lenye vitabu vya sala na makasisi wa kanzu, na watu wa mwanzo kuitwa hivyo walikuwa wakisemwa pembeni, si kusifiwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1928 daktari kijana wa Kiingereza, Joe Church, alifika Gahini, mashariki mwa Rwanda, kufanya kazi katika hospitali ya misheni. Alikuta njaa kali. Mwaka 1929, akiwa amechoka mwili na roho, akaenda Kampala kupumzika. Huko Namirembe akakutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi. Kwa siku mbili wakasoma Biblia na kuomba pamoja, Mzungu na Mwafrika, kila mmoja akikiri kwamba dini anayo ila kuna kitu kinapungua. Kwa enzi zile za ukoloni, hilo peke yake lilikuwa jambo la kushangaza.

Church aliporudi Gahini moto ulianza kuwaka taratibu. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikwenda huko kufundisha, akalisema kanisa lililolala bila kumung'unya maneno. Alifariki Januari 1936 akiwa bado kijana, na baada ya kifo chake uamsho ukasambaa zaidi. Mwaka 1937 ujumbe ukafika Kenya. Ukavuka pia kuingia Tanganyika, hasa Bukoba, ambako uliwagusa Waanglikana na Walutheri. Mmoja wa vijana walioguswa huko ni Josiah Kibira, ambaye baadaye alikuwa askofu, na mwaka 1977 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani.

Sasa walokole hawa walifanya nini hasa? Hawakuanzisha kanisa jipya. Walikutana kila wiki, kikundi kidogo, mchungaji na mpishi wake kwenye mkeka mmoja, wakaitana ndugu. Huko mtu alisimama akasema dhambi yake kwa jina. Si "Bwana nisamehe makosa yangu" ile ya jumla jumla. Alisema: niliiba shuka za hospitali, nilimpiga mke wangu, namchukia fulani. Wao waliita kutembea nuruni. Kisha wakaimba Tukutendereza, na kesho yake mtu yule akaenda kurudisha alichoiba.

Ndiyo, kurudisha. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Festo Kivengere, mwalimu wa Kigezi aliyekuja baadaye kufundisha Dodoma, alipookoka alipanda baiskeli akaenda kumwomba radhi Mzungu mmoja aliyekuwa akimchukia. Hebu fikiria, Mwafrika wa miaka ya 1940 anamwendea Mzungu, si kumwomba kazi wala kumlalamikia, bali kumwambia nilikuchukia na sasa sikuchukii tena.

Kwetu Bukoba tunacho kisa kama hicho. Babu yangu alikuwa karani wa kununua kahawa kijijini. Kazi yake ilikuwa mizani, na mizani ile, kama Bibi anavyosimulia, "ilikuwa na kidole cha Babu yako." Mkulima analeta gunia, Babu anapunguza ratili mbili tatu, jioni anazijumlisha kwa jina lake. Mwaka 1959 Babu aliokoka kwenye mkutano wa uamsho. Ndugu wa kikundi hawakumpigia makofi wakaishia hapo. Walimwuliza: na ile kahawa? Babu akauza baiskeli yake, akazunguka nyumba kwa nyumba na daftari. Wengine walimsamehe, wengine walimtukana, mzee mmoja alipokea fedha zake halafu hakumsalimia tena mpaka kufa. Kazi ya ukarani nayo ikaota mbawa. Bibi anasema mwaka ule walikula ndizi na chumvi.

Nilikua nikisikia kisa hiki kama hekaya. Mwezi uliopita kikaacha kuwa hekaya.

Nilitumwa kuandika habari ya mradi wa maji katika mtaa mmoja hapa Dar. Kulikuwa na mkutano na waandishi, hotuba, soda, na mwisho bahasha. Mnaoijua kazi hii mnajua bahasha. Tunaiita nauli, ingawa hakuna daladala ya shilingi 50,000. Nikapokea kama wenzangu. Nje ya geti mama mmoja akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, andika kwamba bomba hizi hazijatoa maji wiki ya tatu." Nikaandika kwenye daftari langu. Kwenye habari iliyotoka gazetini hayumo. Hakuna aliyeniambia nimtoe. Nilimtoa mwenyewe, kwa mkono wangu, kama kidole cha Babu kwenye mizani.

Nimesali kila Jumapili tangu wakati ule, na kwaya naimba. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Lakini nisiwapambe wazee wetu kupita kiasi. Uamsho ule ulileta ugomvi pia. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha theolojia cha Mukono, akiwemo William Nagenda, wakubwa wakiwaona wakaidi, na kweli walokole wengine walijiona wao tu ndio wasafi. Wapo waliogeuza wokovu kuwa orodha ya pombe, sigara na mavazi.

Na lipo swali zito zaidi: Rwanda. Nchi ilikoanzia habari ya kutembea nuruni ndiyo ile iliyoangamia mwaka 1994, watu wakiuawa mpaka ndani ya makanisa walimokimbilia. Wapo Wakristo waliowaficha jirani zao na kufa pamoja nao. Wapo pia viongozi wa dini walioshtakiwa, baadhi yao hapa kwetu Arusha kwenye mahakama ya kimataifa. Mimi naona hivi: mtu anaweza kukiri kuiba shuka miaka 30 bila kutaja chuki ya kabila, kwa sababu chuki hiyo kila mtu anaiona kawaida. Dhambi tunayofanya wote haina wa kuiungama.

Hata hivyo walipoitaja, walisimama. Kenya wakati wa Mau Mau, miaka ya 1950, wengi walikataa kula kiapo, wakakataa pia kushika bunduki za serikali ya kikoloni. Walichukiwa na pande zote mbili, na baadhi waliuawa. Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum, mtoto wa uamsho huohuo, alimkosoa Idi Amin kwa mauaji ya raia. Februari 16, 1977 akauawa. Serikali ikasema ni ajali ya gari. Kivengere, wakati huo askofu, alitoroka kwa miguu usiku kuingia Rwanda, na mwaka uleule akatoa kitabu kinachosema anampenda Idi Amin. Sanamu ya Luwum iko leo kwenye ukuta wa Westminster Abbey, London.

Watu hawa hawakuamka siku moja wakawa mashujaa. Walianza na shuka, na kahawa, na kuomba radhi. Aliyezoea kusema kweli kwenye mkeka siku ya Jumatano, huenda ndiye anayeweza kuisema mbele ya Amin.

Wiki iliyopita nilipopata mshahara nikaweka 50,000 kwenye bahasha, nikairudisha. Yule ofisa alinitazama kama mgonjwa. "Kaka, hatuna risiti ya kupokelea hela hii," akasema. Nikaiacha mezani. Kisha nikarudi mtaani kumtafuta yule mama, nikamweleza nilichofanya. Hakunisifu. Alinipa kigoda, akaniambia, "Maji bado. Kaa basi uandike vizuri."

Habari ikatoka ukurasa wa ndani, aya sita, chini ya tangazo la godoro. Jumamosi nampigia Bibi nimweleze. Najua ataniuliza kitu kimoja tu: zile bahasha nyingine, za kabla ya hiyo?

Daftari ninalo.