YAMAHA DT YA MZEE WA MYAMBA: KAKA ALITAKA KUIUZA CHUMA CHAKAVU, MAMA AKAGOMA

Leo ukishuka kwenye basi kule tambarare ukataka kupanda Myamba, milima ya Upare, wilaya ya Same, bodaboda wanakugombania. Unapanda Boxer au TVS, mnaelewana bei, safari inaanza.

Zamani haikuwa hivyo wadau. Kanuni za kuruhusu pikipiki kubeba abiria kibiashara Tanzania zimekuja mwaka 2010. Kabla ya hapo, pikipiki huko milimani ilikuwa ya watu wachache sana: bwana shamba, mchungaji, mganga wa zahanati. Wengine wote miguu, mzigo kichwani.

Na hizo pikipiki zilikuwa na ukoo wake. Mwaka 1968 Yamaha ya Japani ilitoa DT-1 ya cc 250, ikilenga soko la Marekani. Kabla yake, wengi waliotaka kuingia porini walichukua pikipiki nzito ya lami wakaifunga tairi za kashata, basi. DT ikaja nyepesi, imenyanyuka, egzosi ipo juu. Mdogo wake, DT 125, ndiye aliyekuja kuzoeleka vijijini kwetu, akiletwa na serikali, miradi na makanisa. Kwenye njia za Upare, mawe kiangazi na utelezi masika, hiyo ndiyo ilikuwa Land Cruiser ya mtu mmoja.

Sasa kuna familia moja Myamba, baba yao alikuwa bwana shamba. DT aliyopewa na kazi aliinunua mwenyewe ilipopigwa mnada. Miaka ya 1980, petroli ikiwa adimu kama sabuni, mzee alikuwa anaipima kwa chupa. Alipita nayo kwenye mashamba ya kahawa na tangawizi, usiku akaamshwa kupeleka wagonjwa hospitali ya Gonja. Kitinda mimba wake naye karibu azaliwe juu ya keria.

Mzee alipofariki, DT ikaingia bandani. Kuku wakataga kwenye siti miaka na miaka.

Siku moja akapita mtu wa vyuma chakavu na mizani yake. Kaka mkubwa, anayeishi Dar, akasema kwa simu: uzeni, linajaza banda tu. Mama hakubishana. Alichukua kigoda akaenda kukaa mlangoni mwa banda mpaka yule mtu akaondoka.

Kitinda mimba, ambaye naye ni bodaboda, akaamua kuifufua. Tenki limejaa kutu, likasuguliwa kwa kokoto na petroli. Kabureta imeziba. Silinda imelika, ikabidi ipelekwe Moshi kuchongwa upya. Pistoni na ringi zikasakwa Kariakoo. Pesa ya tangawizi ya msimu mzima ikaishia humo, na hapo ndipo ugomvi ulipowaka. Kaka akauliza, ada za watoto zitalipwa na moshi?

Fundi naye akaja na lake: tupa injini hii, funga ya Kichina, bei poa, spea kila duka. Kwa hesabu alikuwa sahihi kabisa. Dogo akataka kukubali.

Mama akauliza swali moja tu: "Italia vilevile?"

Haiwezi. Injini ya DT inachoma petroli pamoja na oili, pistoni ikipanda na kushuka mara moja tu inawaka tena. Ndiyo maana moshi wake ni wa bluu na mlio wake mkali. Za Kichina nyingi zinawaka kila baada ya pistoni kupanda na kushuka mara mbili, zinanguruma chinichini.

"Basi huo sio mlio wa baba yenu," mama akasema. Mzee akifika kona ya juu alikuwa anasikika mpaka nyumbani, na mama anaanza kusonga ugali. Miaka yote ya ndoa hakuhitaji saa.

Injini ikabaki ileile. Hata kadi ya pikipiki ilipatikana, mama alikuwa ameihifadhi ndani ya Biblia.

Siku ya kuwasha, kaka alikuwepo, amenuna. Kiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya saba ikashika, moshi ukafunika ua, kuku wakatawanyika. Dogo akaitoa mpaka kona ya juu, akageuza.

Aliporudi akamkuta mama jikoni. Ilikuwa saa nne asubuhi na ameshainjika maji ya ugali. Kaka akavuta kigoda akakaa kusubiri, hakusema neno.

Kwa hiyo mdau, kabla hujamwita mtu wa mizani, muulize kwanza mama.